Goti la Mwanangu na Wageni Wake

Mwanangu aliporudi kutoka kulinda amani nchi ya jirani, risasi ilikuwa imeshatolewa mguuni na hogo la plasta limeshakatwa, nami nikadhani shida imekwisha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale uwanja wa ndege, mpaka mlinzi wa getini akageuka kunitazama. Sikujua kwamba hatari iliyobaki ilikuwa Buswelu, mtaani kwetu Mwanza, na kwamba ingekuja imebeba soda na mkate.

Nieleze kwanza habari ya goti, maana ndilo lililotunyima raha. Risasi ilipita juu kidogo ya goti la kulia ikavunja mfupa. Madaktari wa jeshi waliuunga vizuri, Mungu awabariki, lakini mguu ulikaa ndani ya hogo muda mrefu, na hogo lilipotolewa goti likagoma kukunjika. Mtaalamu wa viungo katika hospitali moja ya mjini, binti mwembamba mwenye mikono migumu kama ya fundi gari, alitukalisha mimi, mwanangu na mkewe, akasema bila kupamba.

"Mfupa umepona. Kilichobaki ni goti. Atembee kila siku, apande, ashuke, alikunje mpaka limuume. Mkimwacha akae, litakauka hivyo hivyo lilivyo, na likishakauka hata mimi sitaliweza."

Akatupa muda hadi mwisho wa mvua za vuli turudi alipime. Likiwa bado gumu, kisu tena, na jeshini asitarajie kurudi.

Tulitoka pale tumeelewa wote watatu. Tatizo ni kwamba Buswelu nzima haikuwemo chumbani mle.

Kwetu mgonjwa si mali ya nyumba yake. Ni mali ya ukoo, ya mtaa, na zaidi ya yote ni mali ya jumuiya, yaani sisi majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mimi nimekuwa katekista kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ni mimi niliyewafundisha wengi wao kwamba kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma. Walinielewa vizuri kuliko walivyowahi kuelewa somo lingine lolote. Walikuja asubuhi, walikuja mchana, walikuja wakati wa chakula hasa.

Na kila aliyekuja alikuwa na kazi moja: kuhakikisha mgonjwa hainuki.

"Tulia, baba! Unakwenda wapi?"

"Nanyoosha mguu, mama."

"Unyooshe nini na umepigwa risasi? Kaa. Unataka nini nikuletee?"

"Sitaki kitu. Nataka kutembea tu."

"Mleteeni maji! Mtoto wa watu anataka maji!"

Maji yanaletwa, mwanangu anayanywa kwa sababu amelelewa vizuri, anakaa. Anapojaribu tena kushika magongo, anaingia mwingine, na huyo mwingine anataka kuona kidonda. Blanketi linafunuliwa. Kovu linatazamwa, linasikitikiwa, linapigwa picha. Picha zilikuwa zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya zikiwa zimezungushiwa maua, kana kwamba goti la mwanangu lilikuwa linafunga ndoa.

Kisha yanaanza maneno ya faraja. Sijui ni nani aliyetufundisha kumfariji mgonjwa kwa kumsimulia waliokufa. Mama mmoja alikaa kitandani kwa mwanangu, akamshika mkono, akamwambia kwa upole mkubwa kwamba yuko mtu Usagara alipigwa mahali hapo hapo, wakamkata mguu hapa, halafu wakamkata hapa, halafu wakazika kilichobaki. "Lakini wewe usiogope," akasema, akainuka kwenda kula.

Jirani yangu, mwenyekiti wa jumuiya, ni Mhaya, mwalimu mstaafu, mtu msafi wa tai na kiatu kilichong'arishwa, na tunataniana tangu alipojenga hapa. Yeye hakuja na maneno ya waliokufa. Yeye alikuja na elimu.

"Katekista, kisayansi mfupa unahitaji utulivu," aliniambia. "Ninyi Wasukuma mmezoea ng'ombe. Ng'ombe akivunjika mnamswaga tu aendelee."

"Na ninyi mtu akivunjika mnamfanyaje, Mwalimu?"

"Tunampumzisha. Tunampikia ndizi."

"Nimekuelewa. Ndiyo maana hamnyanyuki."

Tulicheka, lakini alipotoka nje nikamsikia akimwagiza mke wangu amfiche mgonjwa yale magongo, maana yanamtia vishawishi.

Haya yote yangevumilika kama dada yangu asingefika. Yeye anakaa Sengerema, akavuka na kivuko akiwa na kuku wawili, kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na samaki sato aliyefungwa kwenye jani la mgomba, akatandika mkeka mlangoni mwa chumba cha mwanangu na kukaa hapo kama askari wa zamu. Mtoto wa kaka yake asingeteseka mbele ya macho yake. Akimwona tu anaweka mguu chini, anapiga yowe mpaka kuku wanatawanyika.

Nilijaribu kumweleza habari za binti wa hospitali.

"Kaka," akasema, "huyu mtoto ulimzaa au ulimwokota? Mtu ametoka kwenye vita, wewe unamwambia panda, shuka, kunja. Hata punda anapumzishwa."

"Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari alimnyonyesha?"

Nikaenda kuwapa kuku wake maji.

Ni dada yangu huyo aliyebuni kiti. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kama vyoo vya watu wengi, na goti lisilokunjika haliwezi kuchuchumaa. Mwanangu alikuwa anahangaika humo ndani kwa njia zake, na mimi nilimwacha ahangaike, kwa sababu kule kuhangaika nako kulikuwa mazoezi. Dada yangu hakumwacha. Alikwenda kwa fundi seremala, akamchongesha kiti kikubwa cha mbao chenye mikono miwili na tundu katikati. Kilipofika hakukipeleka chooni. Alikiweka kwanza uani, na kila mgeni aliyeingia alikionyeshwa, akakisifia, na mwanangu akiwa amekaa pale pale. Mama mmoja alikikalia kukijaribu.

Jioni ile, wageni walipopungua, mwanangu aliniita. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa akiongoza wenzake kwenye doria, na watu wa kazi hiyo, nimeona, huzungumza kwa uchache.

"Baba," akasema, "kule nilipopigwa nilitambaa mwenyewe mpaka nyuma ya ukuta. Ningekaa ningekufa. Sasa nimefika nyumbani, na ninyi ndio mtakaonilemaza."

Alisema "ninyi". Nililisikia neno hilo, nikalala nalo.

Kesho yake nilisimama mbele ya wageni nikasema wazi kwamba mgonjwa anatakiwa kutembea. Wakaitikia, "Ndiyo, mzee," na mmoja wao akamsogezea mwanangu kigoda cha kuegemeza mguu. Nikajaribu kufunga geti. Kabla ya chakula cha mchana kundi la WhatsApp lilishaandika kwamba familia ya katekista imeingiwa na kiburi cha jeshi. Mke wangu akalifungua geti. Asingeweza kuishi mtaani na habari ile.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa mtu pekee ambaye sikuwahi kumsikia akimwambia mumewe akae. Lakini mke kijana katika nyumba ya wakwe atasema nini mbele ya shangazi wa mume? Alikuwa jikoni tangu alfajiri, anawapikia watu waliokuja kumhurumia mumewe. Tangu mume arudi walikuwa hawajapata hata muda wa kuzungumza bila mtu mzima mwingine kukohoa chumbani. Akanisemesha akiwa amesimama mlangoni, mbali kidogo, kama adabu yetu inavyotaka kati ya mkwe na baba mkwe.

"Baba, mvua zimeanza," akasema. Basi. Lakini nilijua anahesabu nini.

Msaada ulikuja Alhamisi, siku ya jumuiya kusali kwangu. Tulipofika mahali pa kupiga magoti watu wote wakapiga magoti, na mimi, Mungu anisamehe, nikachungulia. Mwanangu alikuwa kwenye kiti. Alikuwa ameshika mikono ya kiti akijisukuma mbele, taratibu, akilishusha lile goti kadiri lilivyokubali, jasho likimtoka. Na hakuna aliyemwambia kitu! Dada yangu alikuwa amefumba macho. Mwalimu amefumba macho. Wale akina mama wa soda na mkate wamefumba macho. Nikatambua jambo ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote bila kuliona: watu wetu watakukatiza ukiwa unakula, ukiwa unalala na ukiwa unakufa, lakini ukiwa unasali hawakukatizi.

Sala ilipokwisha nikatangaza. Kuanzia kesho, kila siku saa kumi na moja jioni, familia itasali Njia ya Msalaba kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe atashiriki. Kila anayekuja kumjulia hali anakaribishwa kwanza kusali, kisha chai.

Mwalimu akainua kidole kama mwanafunzi.

"Katekista, huu ni mwezi wa Rozari. Njia ya Msalaba ni ya Kwaresima."

"Mwalimu, Bwana wetu alipokuwa anaubeba aliuliza ni mwezi gani?"

"Nitamuuliza paroko."

"Muulize."

Alimuuliza kweli. Paroko alicheka, akamwambia kwamba hajasikia bado mtu aliyekatazwa kuyakumbuka mateso ya Bwana, na kwamba atafurahi akisikia mwenyekiti hakukosa hata siku moja. Mwalimu alirudi na sura ya mtu aliyekwenda kushitaki akarudi na adhabu.

Atakayekuja Mwanza ataona mawe kabla hajaona watu. Kiwanja changu nacho, nyuma ya nyumba, kinapanda kati ya mawe makubwa mpaka kwenye jiwe moja pana ambapo wanawake huanika dagaa. Nilikata vijiti, nikafunga misalaba midogo, nikaisimika kwenye vituo vyote kumi na vinne vya kusimama na kupiga magoti, kutoka mlango wa jikoni hadi kule juu. Sikuipanga karibu karibu.

Nisieleweke vibaya. Sikuwa naigiza, wala sikuifanya sala kuwa ujanja. Nimeisali Njia ya Msalaba tangu nikiwa kijana, na kila neno nililosoma kwenye mawe yale nililimaanisha. Ila nilipoisoma nikiwa na mwanangu nyuma yangu, nikisikia magongo yake yakigonga jiwe, niliona jambo. Wageni wangu wote walijiona Simoni wa Kirene, yule aliyemsaidia Bwana. Lakini Simoni alisaidia kubeba, wakaendelea kwenda. Katika vituo vyote kumi na vinne hakuna hata kimoja ambapo mtu anamwambia Yesu, "Kaa, baba, usisumbuke, nikuletee soda."

Siku ya kwanza walijaa. Akina mama na vitenge vyao vizuri, Mwalimu na tai yake, dada yangu mbele kabisa. Kituo cha kwanza tukapiga magoti, na ndipo wengi wakagundua kwamba kanisani kuna ubao wa kupigia magoti na hapa kuna jiwe. Kulitoka mguno mmoja wa watu wote. Mwanangu aliegemea jabali, akalikunja goti mahali lilipofika, yaani kidogo sana, akainuka, akashika magongo, akapanda.

Dada yangu hakuweza kujizuia. "Mwanangu, ka—"

Nikapandisha sauti ya kusoma. Alinitazama kwa jicho ambalo hajanitazama nalo tangu tukiwa watoto tukichunga.

Kwenye kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, gongo la mwanangu liliteleza. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jiwe lilikuwa na utelezi. Alianguka ubavu, wote tukasikia pumzi ikimtoka. Dada yangu akaachia yowe, Mwalimu akatupa kitabu, akina mama watatu wakainua mikono wakamwendea mbio, na nilijua wakimfikia tu yamekwisha: atabebwa, atalazwa, atafunikwa, na hatatoka tena mpaka mvua zikatike.

"Tupige magoti," nikasema.

Mazoea ya sala ni kitu kikubwa. Miili yao ilitii kabla akili zao hazijakataa. Akina mama watatu walipiga magoti pale pale walipofika, mikono bado hewani. Mwalimu akapiga magoti juu ya kitabu chake. Dada yangu akawa wa mwisho, analia, akinilaani kimoyomoyo, lakini akapiga magoti.

Nikasoma. Sijawahi kusoma polepole vile. Pembeni ya jicho nilimwona mkwe wangu amepiga magoti karibu na mumewe kuliko mtu mwingine yeyote, angeweza kumgusa kwa mkono, na hakumgusa. Alikuwa ameikunja kanga yake ndani ya ngumi. Mwanangu akajigeuza. Akaweka viganja juu ya jiwe. Akauvuta ule mguu mbaya chini yake, na nikasikia akitoa sauti ambayo baba hapendi kuisikia, akapiga goti moja pamoja na sisi. Kisha, nilipomaliza kusoma na si kabla, akainuka, akaokota gongo lake mwenyewe.

Tukapanda kwenda kituo cha kumi.

Chai siku ile ilinywewa haraka. Kesho yake wageni walipungua. Keshokutwa wakapungua tena. Ghafla mtaa mzima ukawa na miguu mibovu. "Nilipita tu, mzee, sikai." "Leo presha imepanda." "Sisi tunamwombea tukiwa nyumbani." Mama wa habari za Usagara alifika saa kumi, akasikia kwamba sala ni saa kumi na moja, akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Kundi la WhatsApp ndilo lililobaki na imani: kila jioni lilituma picha za mikono iliyokunjwa, mingi sana, na hakuna hata mmoja uliokuja na mguu wake. Nikamshukuru Mungu kwa kila aliyekosa.

Mwalimu peke yake hakukosa, kwa sababu ya paroko. Wiki zilivyokwenda tai ikaondoka, viatu vikawa raba, na siku moja akaniambia, akihema juu ya jiwe la dagaa, kwamba kisayansi kupanda mlima kunasaidia viungo. Nikamwambia ni habari njema, awaandikie wenzake.

Na mwanangu akapanda. Siku nyingine alipanda akilia. Siku nyingine alikataa kabisa, akalala kifudifudi, nikaenda kusali na mkewe na Mwalimu tu. Lakini siku nyingi alipanda, kwanza na magongo mawili, baadaye na moja, na goti likashuka kidogo, likashuka kidogo tena.

Mvua zilipokatika tulirudi kwa yule binti mwembamba. Alilishika goti akalikunja, akalikunja zaidi, akakunja uso.

"Umefanya mazoezi gani?"

"Nimesali," mwanangu akasema.

Binti akanigeukia kwa mashaka. "Mzee, isije ikawa mnampaka mafuta ya hawa manabii wa barabarani."

"Hapana, binti yangu. Ni mawe ya Buswelu."

Alipima tena, akasema kisu hakihitajiki, na kwamba habari za jeshini wataamua wenyewe huko, lakini yeye angemwandikia vizuri.

Jioni ile dada yangu alikuwa anafunga mizigo kurudi Sengerema. Hatukuwa tumezungumza sana tangu kituo cha tisa. Mara nikamsikia akipiga kelele uani, nikatoka, na mke wangu naye akatoka.

Mwanangu alikuwa mbele ya jiko la mkaa, mkewe kando yake. Amelichuchumalia, visigino chini, anapuliza. Majivu yamemjaa usoni.

"Wifi, njoo uone!" dada yangu akamwambia mke wangu. "Mwanaume anapuliza jiko! Mwanajeshi! Na mke wake amesimama anamtazama! Ndiyo mambo mnayofundishana hapa mjini?"

"Amechuchumaa, wifi," mke wangu akasema.

"Naona. Mwanaume—"

"Tazama magoti. Yote mawili."

Dada yangu akatazama. Akaivuta ncha ya kanga akajifuta uso, akasema moshi wa mkaa wa Buswelu ni mbaya, unaumiza macho.

Mwanangu akanyanyua kichwa, akamwuliza mkewe kama moto umeshika.

"Bado," mkewe akasema. "Puliza."

Akapuliza.